Kuwafuata Lions wanawake New Zealand 2027

Umeuliza kama ununue kifurushi cha mashabiki au ujipangie mwenyewe ziara ya Lions wanawake, timu ya raga ya Uingereza na Ireland, Septemba 2027. Mimi ningejipangia. Kifurushi kina raha yake, hukimbizani na tiketi, ila ukitaka kubaki mji mmoja siku mbili zaidi, basi limeshaondoka. Viza au NZeTA (kibali cha safari cha mtandaoni kwa wasiohitaji viza), kutegemea pasi yako, ishughulikie mapema. Beba koti, Septemba kule baridi ndiyo kwanza inaisha.

Kama unabeba njumu zako, zisugue hadi kwenye meno ya soli, kisha uzitaje kwenye fomu ya kuingilia. Uwanja wa ndege hawana mzaha na udongo, na tunda ulilolisahau mkobani ni faini ya dola 400 za huko!

Na siku ya mechi wahi kitini. Haka, ngoma ya Wamaori ambayo Black Ferns, timu ya wanawake ya New Zealand, huicheza kabla ya mechi, haina marudio.