Re: Kuanzishiwa uchungu halafu unarudishwa nyumbani, ni salama?

Dada pole na wasiwasi, umeuliza kama ni kweli mtu anawekewa puto kwenye mlango wa kizazi halafu anaambiwa akalale kwake. Ni kweli, na siyo kwamba wamekutupa. Hiyo hatua ya kwanza siyo uchungu wenyewe, ni kulainisha na kufungua mlango wa kizazi, inaweza kuchukua masaa 12 mpaka 24 na wodini utakuwa unaangalia dari tu.

Mimi niliwekewa katheta, yaani mrija mwembamba wenye kapira kanakojazwa maji (ndo hilo puto), mkia wake wakaubandika pajani kwa plasta. Kutembea ni kama bata, ila maumivu yalikuwa kama ya hedhi tu. Usiku nimeenda chooni kakadondoka kenyewe nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka 😂 kumbe ndo dalili njema, njia imefunguka kama sentimita 3 hivi.

Ila kabla hujatoka lazima wapime mapigo ya moyo ya mtoto kwa mashine, wasipopima usikubali kuondoka. Na sio kila mtu anaruhusiwa, kama presha iko juu, una mapacha au mtoto hajageuka kichwa chini, utabaki hospitali tu, na wenye kovu la opareshen mara nyingi nao wanabakishwa.

Ukiwa nyumbani usibaki peke yako na usafiri uwe tayari. Chupa ikipasuka, damu ikitoka, homa, uchungu ukianza kufuatana au mtoto akipunguza kucheza, nenda saa hiyohiyo usisubiri asubuhi.