Maswali na Majibu: Buibui wa Juu ya Mti na Hewa Yake

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Caribena versicolor, tarantula (buibui mkubwa mwenye manyoya) wa kisiwa cha Martinique kule Karibi, anayeishi juu ya miti. Utotoni huwa buluu mwili mzima. Kila anapojivua gamba rangi inageuka, mpaka ukubwani mgongo ni wa kijani, tumbo jekundu na manyoya ya zambarau. Nimewafuga miaka mingi, na mpaka leo akitoka mmoja usiku naacha kazi niliyonayo nikamtazame.

Nimenunua kitoto cha sentimita 1.5. Muuzaji kanishauri nifunge kikopo kabisa, unyevu usipotee. Ni sawa?

Si sawa, na tafadhali kifungue leo hii. Ushauri huo wa zamani umeua vitoto vingi, kikiwemo changu cha kwanza: nilikikuta asubuhi kimelala sakafuni, kuta za kikopo zinatiririka maji. Ni kweli kwao kuna mvua nyingi, lakini juu ya mti upepo haukatiki. Unyevu uliotuama ndio unaomuua.

Tafuta kikopo kirefu cha plastiki kinachoonyesha ndani, cha mililita 250 hivi. Pasha sindano moto utoboe matundu upande mmoja karibu na juu, na mengine upande wa pili karibu na chini, hewa ipite katikati. Matundu yawe membamba, maana kitoto hupenya popote kichwa chake kinapopita. Chini tandaza vumbi la makumbi ya nazi, kisha simamisha kipande cha gome la mti. Karibu na juu weka majani mawili ya plastiki, apate pa kushikizia utando. Maji ni matone mawili matatu kwenye utando, mara mbili kwa wiki, na usimnyunyizie yeye mwenyewe. Yakikauka ndipo umwongeze. Taa ya joto haihitajiki; chumba chenye nyuzi 22 hadi 27 kinamtosha.

Anakula nini, na mara ngapi?

Kitoto mpe nzi wa matunda wasioruka, au paja la nyenje kila baada ya siku nne au tano. Mzoga pia anakula. Windo lisizidi ukubwa wa tumbo lake, na mabaki yaondoe kesho yake kabla hayajaota ukungu. Akishakua, nyenje au mende mmoja kwa wiki moja au mbili anashiba. Mende wa jikoni usimpe kamwe, hujui amepita kwenye dawa gani.

Wiki ya tatu hii hajala, amejifungia ndani ya utando. Halafu jana nimemwona amelala chali! Amekufa?

Hajafa, na usimguse. Anajivua gamba. Vitoto hujivua kila mwezi mmoja au miwili, wakubwa hukaa muda mrefu zaidi. Kabla ya hapo hukataa chakula na kuziba mlango wa utando wake, kisha hulala chali ndani yake na kujivuta taratibu kutoka ngozi ya zamani. Ukimsogeza wakati huo unaweza kumvunja mguu au kumpasua.

Toa kila mdudu aliye hai humo, kwa sababu hata nyenje mdogo anaweza kumtafuna akiwa laini. Akimaliza, chonge zake huwa nyeupe, zikaingia wekundu, mwisho zikawa nyeusi. Subiri weusi huo ndipo umlishe: wiki moja kwa kitoto, mbili au zaidi kwa mkubwa.

Mkao wa kukutia hofu ni mwingine: hajalala chali, lakini miguu yote imekunjwa chini ya tumbo kama ngumi. Buibui hunyoosha miguu kwa kusukuma maji ya mwili ndani yake, kwa hiyo maji yakipungua miguu inajikunja yenyewe. Ukimkuta hivyo, weka tone la maji mbele ya mdomo wake bila kuchelewa.

Nimhamishe lini?

Akifika sentimita 5 kutoka ncha ya mguu hadi ncha. Akikomaa, sanduku la sentimita 20 kwa 20, kimo 30, linamtosha, mradi lina matundu ubavuni. Mhamishe pamoja na gome lake na utando wake.

Watoto wangu wanataka kumshika.

Wamtazame tu. Sumu yake si kali kwa binadamu, ila manyoya yake huwasha, naye huruka ghafla. Akianguka sakafuni tumbo linaweza kupasuka.

Buibui wangu ana miaka miwili. Ameacha kujenga utando, hali, usiku kucha anazunguka. Anaumwa?

Tazama ncha za vile viguu viwili vifupi vya mbele. Kama zimevimba mithili ya glovu za bondia, ni dume aliyekomaa na anatafuta jike. Yamembakia miezi tu. Jike anaweza kufika miaka 10, lakini dume maisha yake ni mafupi, na hilo hutalizuia. Najua linaumiza. Mwekee maji, mpe chakula akikitaka, na kama unamjua mfugaji mwenye jike aliyekomaa, zungumza naye mapema.

Mimi niko Morogoro. Nyumbani tuna buibui mkubwa wa rangi ya chungwa, mwenye manyoya. Nimfuge?

Huyo huenda ni Pterinochilus murinus, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita wa Usambara. Hukaa shimoni, na pengine kwenye vichaka na matundu ya miti. Si wa kuanzia: ana mbio za ajabu, na akiuma maumivu ni makali na misuli hukaza. Isitoshe, jike mmoja akitolewa porini, mayai ya miaka mingi yametoka naye. Akiingia ndani, mfunike polepole kwa bakuli pana, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke kichakani mbali na mlango.