Mashine ya usingizi haijui kama umelala

SWALI: Daktari, pole na kazi. Nina miaka 47. Miezi mitano iliyopita nilipimwa usingizi nikaambiwa pumzi inakatika mara 34 kwa saa. Nikapewa mashine ya CPAP ya otomatiki, ile inayopuliza hewa kwenye barakoa ili koo lisizibe, presha 6 hadi 14. Tatizo ni kwamba tangu zamani mimi ni mtu wa wasiwasi na usingizi wangu ni wa shida. Nikivaa barakoa naona kama nakabwa, moyo unakwenda mbio, nakaa macho mpaka saa nane za usiku. Niliangalia video nikajua jinsi ya kufungua menyu ya daktari. Nimeshusha presha ya kuanzia hadi 4, baadaye nikaipandisha hadi 9, nikazima ile nafuu ya wakati wa kutoa pumzi kwa kuwa walisema inaharibu matokeo. Juzi asubuhi mashine ilionyesha AHI (wastani wa mikatiko ya pumzi kwa saa) 2.1, jana 6.8, na mingi ya jana imeandikwa ni mikatiko ambayo njia ya hewa ilikuwa wazi. Hilo limenitisha zaidi. Niweke namba ngapi? Pia jirani amenipa diazepam za kunisaidia kulala, nizitumie?

JIBU: Ahsante ndugu yangu, na wewe pole kwa kukesha. Nianze na vidonge maana hivyo haviwezi kusubiri: usivimeze. Sababu nitakupa mbele. Namba unayoitaka ni ileile uliyoandikiwa, 6 hadi 14. Irudishe, washa tena nafuu ya kutoa pumzi, kisha toka kwenye menyu hiyo na usiifungue tena mpaka umeonana na aliyekupima.

Najua ulitarajia jibu la kitaalamu zaidi. Lakini barua kama yako napokea kila mara, na wenye shida hii nawaona kliniki karibu kila wiki. Mmoja alikuja na daftari alilolipiga mistari vizuri kwa rula. Safu ya kwanza tarehe, ya pili AHI, ya tatu kuvuja kwa hewa, ya nne presha. Siku 41. Ndani ya siku hizo alikuwa amebadili setingi mara 26. Nikamwuliza, safu ya saa ulizolala iko wapi? Akalitazama lile daftari muda mrefu, akasema, "Labda saa tatu, daktari. Mara nyingine mbili."

Kosa liko hapo, na linanisumbua kuliko yote katika kazi hii kwa sababu linawapata watu makini, wanaojitahidi kweli. Mashine haijui kama umelala. Ulipopimwa maabara ulibandikwa waya kichwani ili kusoma mawimbi ya ubongo, ndiyo maana waliweza kusema huyu sasa amelala, huyu yuko macho. Mashine ya kitandani haina waya huo. Inachosoma ni hewa inayopita kwenye mpira wa hewa, basi. Saa inaanza kuhesabu ulipoiwasha na inaacha ulipoizima, na chochote kilichotokea katikati, uwe umelala fofofo au unakodolea dari, kinaingia kwenye hesabu moja.

Fanya jaribio dogo hapo ulipo. Vuta pumzi kubwa kama ya mtu aliyechoka, halafu iachie yote. Umeona kifua kilivyotulia kabla ya pumzi inayofuata? Mtu mwenye wasiwasi hufanya hivyo mara nyingi akiwa kitandani bila kujijua. Anashusha pumzi, anatulia, anageuka upande, anabana pumzi akisikiliza moyo wake. Kituo hicho kikifika sekunde 10, mashine inakiandika kuwa mkatiko. Na kwa kuwa koo halikuziba, inaongeza kwamba njia ya hewa ilikuwa wazi. Nikifungua grafu za watu wa namna yako nikazikuza mpaka kila pumzi ionekane peke yake, naliona waziwazi: pumzi moja ndefu kama mlima, kisha mstari bapa, kisha pumzi zisizolingana za mtu aliye macho. Mtu huyo asubuhi anasoma 6.8, anaingiwa na hofu, anabadili presha. Usiku unaofuata analala akiwa na hofu zaidi, anashusha pumzi mara nyingi zaidi, na namba inapanda.

Namba hiyo inaweza pia kukudanganya kwa upande wa pili. Tuseme umelala saa 4 tu na pumzi imekatika kweli mara 20. Hiyo ni 5 kwa saa. Lakini mashine ilikuwa imewashwa saa 7, kwa hiyo itagawanya 20 kwa 7 na kukuandikia 2.9. Hiyo 2.1 yako ya juzi iliyokufurahisha huenda ilikuwa usiku mbaya kuliko wa jana. Sijui mimi, hujui wewe, na aliyekufundisha kwenye video hajui pia, maana hakuna aliyehesabu usingizi wako.

Sisemi mikatiko ya njia wazi ni ya kupuuza. Kuna watu ambao ubongo wao unasahau kwa muda kuamuru pumzi wakiwa usingizini hasa: wenye moyo uliodhoofika, wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, na baadhi ya wanaoanza CPAP, ambao wengi wao hutulia wenyewe kadiri wiki zinavyokwenda. Lakini kuwatofautisha na mtu aliye macho kunahitaji mtu wa kusoma grafu, pumzi kwa pumzi, si kusoma jumla asubuhi. Peleka kadi ya kumbukumbu ya mashine kliniki waifungue. Na ujue kwamba kutoka 34 hadi 6.8, hata kama namba hiyo ingekuwa ya kweli yote, umeshapiga hatua kubwa. AHI ya mtu yeyote hupanda na kushuka usiku hadi usiku kwa sababu ya mafua, pombe, kulala chali, au kuota kwingi alfajiri. Hayo yote si sababu ya kugusa setingi.

Sasa kuhusu kukabwa. Wengi hudhani wakibanwa pumzi dawa ni kushusha presha, na presha 4 ndiyo ya chini kabisa, hivyo wanakimbilia huko. Kwa mtu mzima mara nyingi inakuwa kinyume. Kwenye 4 hewa inayokuja ni kidogo, unavuta na kuhisi haitoshi, na mwili wenye wasiwasi unatafsiri upungufu huo kuwa hatari. Wengi wanapumua kwa raha zaidi wakianzia 6 au 7. Ndiyo maana 6 uliyopewa ilikuwa na akili. Kile kipengele cha kupandisha presha polepole, rampu, kisikuweke dakika 45 kwenye hewa hafifu wakati wewe uko macho saa tatu nzima. Mwombe mhudumu wako akifupishe, au akiweke kwenye otomatiki. Nafuu ya kutoa pumzi hushusha presha sentimita 1 hadi 3 za maji kila unapotoa hewa, na kwa mtu anayehisi anapigana na upepo hiyo ni tofauti ya kuvaa na kuvua. Kuna wachache ambao kliniki huizima kwa sababu maalumu. Wewe hukuzimiwa na kliniki.

Barakoa yenyewe ina matundu madogo ya kutolea hewa uliyoipumua. Yasikilize, weka kiganja mbele yake uhisi hewa ikitoka. Watu wengi wanalala miezi wakiogopa kwamba wanapumua hewa yao wenyewe, na hakuna aliyewaonyesha matundu hayo.

Hofu ya barakoa haitibiwi usiku. Inatibiwa mchana, ukiwa umeketi, taa zikiwaka. Ishike tu barakoa usoni kwa mkono bila kufunga mikanda, dakika chache. Kesho yake funga mikanda bila mashine. Kisha iunganishe, hewa ipite, usikilize redio au usome kitu dakika 20. Moyo ukianza kukimbia usikurupuke kuivua yote. Chomoa mpira kwenye kiungo cha mbele, pumua kawaida, urudishe. Fanya mazoezi ya kuchomoa mpaka mkono uweze kufanya hivyo gizani. Mwili ukishaamini kwamba mlango uko wazi, unaacha kuutafuta. Rudia kila siku, hata wiki mbili, kabla ya kuidai barakoa ikulaze. Na mikanda irekebishe ukiwa umelala chini mashine ikipuliza, maana uso hubadilika ukilala; wengi huikaza wakiwa wameketi, usiku hewa ikivuja wanaikaza zaidi, na ndipo kukabwa kunapokuwa kukabwa kweli.

Jambo ambalo hukuliuliza ndilo kubwa kuliko yote: una magonjwa mawili, kukatika pumzi na kukosa usingizi. Kukosa usingizi kwako hakukuletwa na mashine, umesema mwenyewe ni tangu zamani. Madaktari wameuona mchanganyiko huu tangu 1973, Christian Guilleminault na wenzake walipoueleza, na bado watu wanatibiwa nusu moja na kulaumiwa kwa nusu nyingine. Hakuna presha yoyote kati ya 4 na 20 inayotibu kukosa usingizi. Kuna tiba yake, ile ya kubadili mazoea na fikra za usingizi, CBT-I. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2019 uliwapa tiba hiyo wenye magonjwa yote mawili kabla ya kuanza mashine, nao wakaishia kuivaa kwa wastani wa saa moja zaidi kila usiku kuliko wenzao. Saa moja, bila kugusa presha.

Kwa ufupi utaanza hivi. Amka saa ileile kila siku, hata kama umelala alfajiri. Panda kitandani pale usingizi unapokuja, si pale saa inaposema. Ukiona umekaa macho muda mrefu, vua barakoa, ondoka chumbani, keti kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukirudi, na ukirudi barakoa irudi usoni. Usijizoeze kulala bila barakoa kama zawadi ya kuhangaika. Funika kioo cha mashine asubuhi na uifute programu yake kwenye simu kwa wiki mbili. Kupunguza makusudi muda wa kukaa kitandani ni sehemu ya tiba hii, lakini kwako kufanyike chini ya mtaalamu, hasa kama unaendesha gari, kwa sababu mwenye kukatika pumzi tayari ana deni la usingizi. Na kama wasiwasi unakufuata hata mchana, mweleze daktari wako bila kuona haya. Wasiwasi una tiba.

Nirudi kwenye diazepam. Dawa ya jamii hiyo hulegeza misuli, pamoja na ile inayoshikilia koo lisifunge. Pia humchelewesha mtu kuzinduka pumzi ikikatika, na kuzinduka huko ndiko kunakomwokoa kila mara. Wewe ambaye koo linafunga mara 34 kwa saa, na ambaye usiku mwingine unaweza kuvua barakoa bila kujua, unameza kidonge kinachofanya koo lizibe zaidi na ubongo uchelewe kushtuka. Ikichanganywa na pombe au dawa za jamii ya morfini, inaua. Zipo dawa nyingine za usingizi ambazo daktari anaweza kuzipima kwa mgonjwa mmoja mmoja akijua historia yake. Jirani hana historia yako. Ila kama kuna msomaji anayezimeza kila usiku kwa miezi, asiache ghafla. Zinapunguzwa taratibu kwa usimamizi, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Ninawasihi nyote mnaosoma hapa. Kuna watu mitandaoni wanaogawa namba za presha kama wanagawa salamu, bila kuona kipimo cha mtu hata kimoja. Wengine wanauza mafuta ya kupaka puani na kudai yanaponya kukatika pumzi. Wengine wanawaambia watu wazibe midomo kwa plasta, hata mtu ambaye pua yake imeziba na hajawahi kupimwa. Wengine wanawauzia wagonjwa mashine ya oksijeni badala ya CPAP. Kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni imepanda, koo linaendelea kufunga, na kwa baadhi ya watu mikatiko inakuwa mirefu zaidi. Mtu anatulia kwa sababu namba ya kidoleni ni nzuri.

Kinachonitisha zaidi ni ushauri kwamba ukiona mikatiko ya njia wazi, nunua mashine ya ASV iliyotumika, inayorekebisha kila pumzi yenyewe. Ni mashine nzuri kwa anayeihitaji. Lakini mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF ulionyesha kwamba wagonjwa wa moyo uliodhoofika, wale ambao uwezo wa moyo kusukuma damu ni asilimia 45 au chini yake, na ambao mikatiko yao mingi ni ya kutoka kwenye ubongo, walikufa kwa moyo zaidi walipowekwa kwenye ASV kuliko wale wasiowekwa. AHI zao zilikuwa zimeshuka vizuri sana. Kwa hiyo kama umeshauziwa moja na iko hapo kando ya kitanda, usiilalie usiku wa leo. Nenda kwanza ukapimwe moyo kwa ultrasaundi, na uendelee kutumia CPAP yako ya zamani ikiwa na setingi ulizoandikiwa.