Kuongeza maji kila asubuhi si kutengeneza gari

Mkuu, umeuliza kama kuongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi kunatosha maadamu gari linatembea. Kwangu mimi hapo hujatengeneza kitu, umemnyamazisha tu mlalamikaji. Maji hayapotei hivihivi, yana pa kwenda. Injini ikiwa imepoa, chungulia chini ya pampu ya maji na kwenye maungio ya mipira, kisha chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani na gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku yake) ndiyo mshukiwa wa kwanza, usiwashe tena. Mimi niliwahi kubahatisha nikatupa thamostati (vali inayoruhusu maji kupita injini ikipata moto) iliyokuwa nzima, kumbe klempu inayobana mpira wa maji imelegea! Kazi ya bisibisi na dakika mbili. Ukishachungulia, rudi utuambie umekuta nini.