Mlituuliza kuhusu mbio: Ya kwanza naruka, ya sita nafia njiani

Swali: Habari za kazi. Nilikimbia kilomita 10 Dar es Salaam kwa dakika 50. Sasa nimerudi nyumbani, kwa wiki nakimbia kama kilomita 40, na nimeanza intavo (mbio za kasi zenye mapumziko katikati) uwanjani: mita 800 mara sita, lengo dakika 3:50 kila moja. Ya kwanza natoa 3:35 bila taabu, ya nne pumzi inakata, ya sita sijawahi kuimaliza. Nakosea wapi?
*Dada wa Mwanjelwa, Mbeya*

Jibu: Dada, hiyo 3:50 si hesabu mbovu, ila ni ya pwani. Mwenye dakika 50 za kilomita 10 huwa na kama dakika 24 za kilomita 5, yaani sekunde 115 kwa mzunguko wa mita 400. Mizunguko miwili ndiyo hiyo 3:50. Lakini Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu, na mbio za dakika tatu nne ndizo zinazokubana hapo. Ongeza asilimia 3 kwa kuanzia, upate 3:57, ambayo ni sekunde 59 na kidogo kwa kila mita 200. (Joto la Dar nalo lilikula muda wako siku ile, kwa hiyo huenda baada ya wiki chache ukaona 3:57 ni rahisi. Subiri uione kwanza.)

Kosa kubwa ni ile 3:35. Filbert Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola pale Christchurch mwaka 1974 na akavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, lakini yale yalikuwa mashindano, na alikimbia mara moja tu. Wewe bado una tano mbele. Unapoanza kwa kasi kuliko uwezo wako, uchovu wa misuli hauishi katika mapumziko mafupi. Unaubeba hadi ya pili, ya tatu, na ya nne inaulipia. Tazama saa kwenye mita 200 za mwanzo. Ikisoma 54, punguza hapo hapo, usingoje mzunguko uishe.

Halafu idadi. Mara sita ni kilomita 4.8, asilimia 12 ya kilomita zako za wiki. Sisi hatupendi ivuke 8, kwa hiyo kimbia nne. Katikati weka mchakamchaka wa mita 400 kwa dakika tatu hivi, bila kukaa chini. Mapumziko yakiisha na bado huwezi kusema sentensi nzima, ongeza sekunde 30 za kupumzika. Na ukiona moja imechelewa zaidi ya sekunde tano kuliko ya kwanza, funga kazi, nenda nyumbani. Zote nne zikitofautiana kwa sekunde mbili tatu tu, wiki tatu mfululizo, ndipo uongeze ya tano.

Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu msizichezee: pasha misuli dakika 20 na jaketi mwilini, kisha mbio nne za mita 80 za kuongeza kasi taratibu. Jaketi livuliwe baada ya hapo.

Swali: Uwanjani nakimbia kwenye njia ya nne toka ndani ili nisigongane na wanaotembea. Saa yangu ya GPS inasema mzunguko ni mita 430. Uwanja umepimwa vibaya?
*Msomaji, Iringa*

Jibu: Uwanja hauna kosa. Mita 400 ni za njia ya kwanza, tena zinapimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani. Njia ya nne ni kama mita 422. Hizo nane zilizobaki ni za saa: inaunganisha nukta za setilaiti, na kwenye kona nukta hupotoka. Ukibaki njia ya nne, anzia mita 22 mbele ya mstari kwa mzunguko mmoja, 44 kwa miwili, na utumie saa kwa muda tu.

Kwenye viwanja vya shule visivyo na mistari, pima mara moja kwa futi kamba ya mita 50. Ukikuta mzunguko ni mita 370, usihangaike kuunyoosha; badilisha muda. Anayelenga sekunde 119 kwa mita 400 atumie 110.

Swali: Ugoko wa kushoto unaniuma tangu nianze uwanjani. Barabarani siumwi.
*Kijana wa Njombe*

Jibu: Uwanjani unakata kona upande mmoja, kushoto, na mguu wa ndani ndio unaobanwa. Mchakamchaka wa kupasha na wa mapumziko ufanye kinyume, njia za nje, na intavo iwe mara moja kwa wiki. Kisha bonyeza ugoko kwa kidole. Maumivu yakitambaa kwenye urefu wa mfupa, punguza kilomita kwa wiki mbili. Yakiwa sehemu moja ndogo, na kuruka kwa mguu huo kunauma, acha kukimbia leo na umwone daktari, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.