Maji ya Kijani Hayaponi kwa Kuosha Tangi

"Shikamoo dada. Tangi langu la lita 40 limekuwa la kijani kama mchuzi wa kisamvu. Nimemwaga maji yote, nimesugua vioo, sponji nimeifua kwa sabuni ya unga, mawe nimeyachemsha. Siku chache tu kijani kikarudi. Nimerudia tena na tena, sasa na samaki wenyewe wanakufa mmoja mmoja. Ninunue dawa gani?"

Ujumbe huu umenifikia juzi kutoka Lindi mjini, nikiwa dukani nafunga hesabu. Marahaba, mdogo wangu. Dawa usinunue. Na kabla hujaligusa tena hilo tangi, kaa kitako usome, maana unachokifanya nakijua. Nilishaona kikifanywa kwenye tangi nililolipanga kwa mikono yangu, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Kwa wageni wa hapa: nina duka la vifaa vya shule na fotokopi Mtwara mjini, na juu ya kaunta kuna tangi la lita 60. Wateja wakisubiri kopi zao wanatazama samaki. Watoto ndio usiseme, wanabandika pua kwenye kioo mpaka mama zao waje kuwavuta. Maji yake maangavu, unasoma bei za madaftari ukutani kupitia upande wa pili. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, kwa sababu nilipoanza nilichekwa sana: samaki wamejaa sokoni Feri, wa kukaanga na wa kuchemsha, wewe unafuga wa kutazama?

Ni tangi hilo lililomvutia bwana mmoja mwenye gesti. Akataka la kwake, kubwa zaidi, likae mapokezi. Tukakubaliana: nusu ya hela mwanzo, nusu ikifika katikati ya mwaka tangi likiwa linaendelea vizuri. Nikaliweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na madirisha, nikafunga chujio la sponji na pampu yake ya hewa, nikapanda majani, nikaliacha linatoa mapovu bila samaki kwa wiki kadhaa, nikitupia chembe za chakula zioze humo. Mwenye gesti hakupendezwa. Wageni watatuonaje, tangi zima halina hata samaki mmoja?

Nilimweleza, na ninawaeleza na ninyi. Samaki anatoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza navyo vinatoa amonia. Hiyo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, inazuia damu ya samaki isibebe oksijeni. Halafu kuna kundi jingine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia ikiwa haijazidi. Bakteria hawa hawaelei sana kwenye maji. Wanashika kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye kila kitu ambacho maji yanapita, na kuwapata wa kutosha kwenye tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo sponji haipo pale kunasa uchafu tu. Uchafu ungeweza kuunasa kwa kitambaa. Sponji ni nyumba ya hao bakteria, na hewa inayopanda kwenye bomba ndiyo inayovuta maji yapite humo.

Basi samaki wakaingia, gapi na moli, tangi likapendeza. Mimi mgongo tu kugeuka, mwenye gesti akalihamishia dirishani ili lionekane kutoka barabarani. Nikamwambia jua litakuharibia. Ilikuwa Januari. Wiki zikapita, maji safi kabisa, akawa ananitania mbele ya watu wake: fundi, mbona jua lako halijafika?

Dirisha lile linatazama kaskazini. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Desemba na Januari jua linapita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini haligusi hata kidogo. Kuanzia Machi linahamia upande wa pili, na likifika Juni linaegemea kaskazini kweli kweli, linaingia ndani ya chumba. Hili hutalikuta kwenye video za Wazungu wanaofundisha kufuga samaki, kwao mambo yako kinyume. Ukiwa pwani hii ya kusini, lijue dirisha lako kwa mwaka mzima, siyo kwa siku uliyoweka tangi. Mwezi wa tano kijani kikaanza kwenye kioo cha upande wa barabara. Mwezi wa sita hata samaki huwaoni.

Nikaenda. Nikasema rudisheni tangi ukutani, punguzeni chakula, lifunikeni, mengine niachieni. Akasema anasubiri ugeni mkubwa, hana muda wa kufunika funika. Kijana wa usafi akaagizwa aoshe kila kitu. Akatoa sponji, akaifua kwa sabuni na dawa ya madoa, akaianika. Kokoto vilevile. Akajaza maji ya bomba moja kwa moja, na mwenyewe mwenye gesti akaongeza urembo: mapande ya matumbawe aliyookota ufukweni. Tangi likang'aa. Alinipigia simu kunionyesha kwamba kazi si ngumu kama ninavyoifanya.

Siku ya tatu samaki wakawa juu wanatweta, midomo inapiga uso wa maji. Maji yameanza weupe wa tui. Matamvua mekundu, mapezi yamekunjwa. Mpaka mwisho wa wiki alikuwa amebaki moli mmoja. Na lawama? Nilileta samaki wagonjwa. Nusu yangu ya hela sijaiona mpaka leo.

Hakukuwa na ugonjwa pale. Sabuni na klorini, ile iliyomo kwenye dawa ya madoa na maji ya bomba, ziliua bakteria wote, amonia ikakosa wa kuila. Na matumbawe yakamalizia, kwa sababu ni chokaa, na chokaa inapandisha pH, yaani kile kipimo cha uasidi wa maji. Maji yakitoka pH 7 kwenda 8, ile sehemu ya amonia iliyo sumu kali inaongezeka karibu mara kumi. Ongeza na joto letu. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8. Samaki wa huku hewa yao ni ya kubana hata kabla hujawaongezea matatizo.

Sasa turudi kwako, mdogo wangu wa Lindi. Kuna jambo litakushangaza: huo ukijani unaouchukia huenda ndio uliokuwa unawabakizia samaki wako uhai. Kijani hicho ni mwani, vimelea vidogo mno vinavyoelea majini, na mwani unakula amonia. Wewe umeua bakteria kwenye sponji, umebaki mwani peke yake unaosafisha, halafu na wenyewe ukaumwaga. Ndiyo maana siungi mkono ulifunike tangi leo. Kwanza okoa samaki. Kila siku toa robo ya maji, weka ya joto lilelile yaliyokaa kwenye ndoo isiyofunikwa usiku na mchana ili klorini itoke. Chakula, chembe kidogo siku moja, siku inayofuata hakuna. Pampu ya hewa isizimwe hata usiku, tena usiku hasa, kwa sababu gizani mwani nao unavuta oksijeni. Sponji usiiguse kabisa.

Samaki wakishatulia na wakaacha kutweta, hapo ndipo uulize habari ya kijani. Zima taa, lifunike tangi lote kwa blanketi siku 3 au 4, ukiacha juu nafasi ya hewa, pampu ikiendelea. Usichungulie. Watu wanashindwa hapo, kila saa mtu anainua blanketi kuangalia kama kijani kimeondoka. Samaki giza haliwadhuru, na kwa siku hizo wakikosa kula hawafi. Ukifunua, badilisha theluthi ya maji, kwa sababu mwani uliokufa unaoza na kurudisha amonia ileile. Baada ya hapo taa iwe saa 6 kwa siku, na utafute taima, kifaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe, zinauzwa kwenye maduka ya umeme, maana wewe mwenyewe utasahau. Jua la moja kwa moja, hapana.

Mtu akiniuliza siri ya tangi langu, nusu ya jibu ni mkono mfupi wa kulisha. Kinachomalizwa ndani ya dakika 2 kinatosha. Kinachozama ni mbolea. Mwani unataka vitu viwili, mwanga na mbolea, na vyote unaupa wewe. Watu wanapenda kulisha kwa sababu samaki wakiona mtu wanakuja mbio, nao wanadhani samaki wana njaa. Samaki wangu wananijia hata nikipita na kikombe cha chai.

Sponji huoshwa ikiwa mapovu yamepungua nguvu, na huoshwa kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini humo humo. Unaikamua mara chache, maji yanatoka ya kahawia, basi, unairudisha. Ibaki na rangi yake ya kahawia. Usiifue ikawa ya kuuzwa. Na kujazia maji yaliyopungua kwa joto hakuhesabiki kuwa umebadilisha. Maji yanapanda hewani, chumvi na chokaa vinabaki, na wenye visima vya karibu na bahari mnajua birika zenu zinavyokuwa na ukoko mweupe ndani. Kila wiki toa robo kwa mpira, ukinyonya uchafu ulioko chini kwenye kokoto.

Aina nyingine za mwani nazipitia haraka. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya litaondoka lenyewe, lifute tu. Madoa ya kijani magumu kwenye kioo yanakwanguliwa kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda. Nyuzi ndefu zungusha mswaki wa zamani zitajiviringisha. Utando wa kijani cha bluu wenye harufu mbaya, unaobanduka kama ngozi, huo kwa kweli ni bakteria, na mara nyingi unakuja penye uchafu na maji yasiyotembea.

Dawa za chupa: baadhi zina shaba, zinaua konokono na kamba wadogo. Zikiua mwani mwingi kwa mara moja unaoza humo humo, na chanzo kimebaki palepale. Na yule "samaki msafishaji" mwenye mdomo wa kunyonya kioo, unayeuziwa akiwa wa urefu wa kidole? Anaweza kupita sentimita 30. Kwenye lita 40! Naye anakula, naye ananya. Halafu akikushinda unafikiria kwenda kumwachia mtoni, usithubutu, ni samaki wa Amerika Kusini, mito yetu ina wenyewe.

Majani ya majini yanasaidia kuliko hao wote, kwa sababu yanagombania mbolea na mwani. Mimi natumia ule mmea usio na mizizi wenye majani ya sindano, Ceratophyllum, unakua upesi mpaka nagawa. Ila usiingie miguu mitupu kwenye madimbwi kutafuta majani na konokono. Mikoa yetu hii kichocho kipo, na konokono wa maji baridi ndio wanaokibeba. Omba kwa mwenye tangi.

Umeme ukikatika, na huku kwetu hilo si la kuuliza kama bali lini, usilishe. Kila baada ya muda chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu kidogo, yapate hewa. Kuna pampu ndogo za betri pia. Ukiwa na sponji iliyo wazi ndani ya tangi uko salama zaidi kuliko mwenye chujio la kufungwa, maana bakteria waliofungiwa bila maji kutembea wanakosa oksijeni ndani ya saa chache.

Nitakalosema la mwisho litawaudhi baadhi yenu. Tumelelewa kwamba kitu kikiwa na utelezi kisuguliwe. Nyumbani sawa, mimi mwenyewe sufuria yangu haina weusi. Kwenye tangi, mtu asiyeweza kuiona sponji ya kahawia akaiacha afadhali afuge kuku. Subira huna, macho ya watu unayataka, halafu samaki wakifa unatafuta fundi wa kumlaumu. Nimesema.

Mdogo wangu, nitakufanyia jambo moja. Kwenye tangi langu huwa naweka sponji mbili. Moja nitaikata kipande, niitie kwenye mfuko ikiwa imelowa maji ya tangi, mfuko ubaki na hewa, nikupe kwa basi la asubuhi. Kutoka hapa hadi Lindi ni kilomita 100 na ushei, bakteria watafika hai. Kaipokee stendi mara moja, usiiache juani, uifunge pamoja na sponji yako. Itakupunguzia wiki nyingi za kusubiri. Walioko Mtwara mjini wanaotaka waje dukani na ndoo yenye kifuniko, sichukui hela. Mwenye gesti naye nasikia ametuma mtu kuulizia. Kipande chake kipo, aje na ile nusu yangu ya hela iliyobaki.