Maswali yenu: paipu fleksibo za chini ya sinki

Wiki hii maswali karibu yote yamerudi palepale, kwenye zile paipu fleksibo, zile fupi za kujipinda zenye wavu wa stenlesi nje na mpira ndani, zinazotoa maji ukutani kupeleka kwenye sinki, beseni au choo. Basi tuzimalize.

Fundi, za jikoni kwangu zina miaka 12 na hazijawahi kuvuja hata tone. Kuna haja ya kubadili?

Ipo, na usivuke wiki hii. Hili swali linakuja kila mwezi na kila mwezi lina hilo neno "hazijawahi kuvuja", jamani, hizi paipu hazina kawaida ya kupiga hodi. Koki ikichoka inadondosha, unaiona, unaita fundi. Fleksibo inaweza kukaa kimya miaka yote alafu ikapasuka kwa mkupuo usiku mmelala. Anayebeba presha ni ule wavu, mpira wa ndani peke yake hauwezi hiyo kazi, sasa nyuzi chache zikikatika mpira unapata upenyo, unatokeza nje kama kipele, na hapo umebaki na siku za kuhesabu. Mimi nabadili kati ya miaka 5 na 10, na nyumba yenye presha kubwa siisubirishi hiyo 10. Ukifunga mpya bandika kipande cha tepu uandike mwaka, maana hakuna anayekumbuka.

Na ukibadili koki badili na paipu zake, usirudishe za zamani.

Nilinunua stenlesi yenyewe, mbona imeshika kutu?

Fungua kabati la sinki uangalie umeweka nini humo. Nina uhakika nusu kuna chupa ya dawa ya madoa yenye klorini, na kifuniko hakijakaza. Klorini inakula stenlesi, inaanza na vidoa vya kahawia vidogo kama punje za ulezi alafu nyuzi zinakatika moja moja. Nyumba moja niliyoitwa, maji yameshafika chumbani, nikakuta paipu yenyewe haifiki urefu wa mkono, imefunguka mdomo karibu na nati, na chupa ya dawa imesimama palepale chini yake, alama yake ya mviringo bado iko kwenye ubao. Mama mwenye nyumba alikuwa anaokota picha za wanawe zilizolowa, akawa ananiuliza kitu kidogo hivi kimefanyaje yote haya. Stenlesi ya daraja la 316 inavumilia kuliko ile ya kawaida ya 304, ila na yenyewe usiiweke jirani na klorini. Hamisha hizo chupa leo.

Nazikaguaje?

Tochi na tishu. Zungushia tishu kavu kwenye nati zote mbili uone kama inalowa, alafu angalia kutu, nyuzi zilizochomoza, uvimbe, na hasa pale kwenye pete inayobana mwisho wa paipu. Usipitishe kidole kitupu kwa nguvu, nyuzi zilizokatika zinachoma kama sindano. Ukikuta imevutwa ikakazana au imejikunja kona kali, hiyo nayo itoe, urefu wake haukuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Nikiongeza tredi tepu (ile tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za paipu) na kukaza sana si ndio salama zaidi?

Hapana. Kwenye nati yenye washa, yaani kile kiduara cha mpira ndani yake, washa ndiyo inayozuia maji. Kaza kwa mkono mpaka ishike, ongeza kama robo mzunguko kwa spana, basi. Nati nyingi zinapasuka kwa sababu ya mtu mwenye nguvu.

Mashine ya kufulia je?

Funga koki yake ya ukutani kila ukimaliza kufua, paipu yake isikae na presha.

Tukisafiri tunahakikisha koki zote zimefungwa. Inatosha?

Haitoshi, na hapa naomba mnisikilize. Koki ya sinki iko mwisho wa fleksibo, maji yanapita kwenye paipu kwanza ndio yanaifikia, kwahiyo ukiifunga maji hayapiti lakini presha yote imebaki ndani ya paipu, saa 24, upo haupo. Sasa piga hesabu, ikipasuka ikatoa ndoo moja ya lita 20 kwa dakika, saa moja ni lita 1,200, na wewe umeondoka siku nne. Unatakiwa ufunge valvu kuu ya nyumba, au angalau zile valvu ndogo za ukutani chini ya kila sinki na choo. Na sio wewe tu ujue ilipo, watoto wakubwa wajue, dada wa kazi ajue, mpangaji ajue, maana wakati maji yanaruka hakuna muda wa kupigiana simu.

Kaizungushe leo hiyo valvu kuu, ifunge, ifungue. Zikikaa miaka bila kuguswa zinaganda, na kama yako haizunguki usiilazimishe, mwite fundi aanze na hiyo kabla hajagusa paipu yoyote.